Shangazi Oline Hayumo Kwenye Picha

Karibu na London, 3 Mei 1942

Kaka Eivind,

Salamu nyingi. Nimefika, nina kitanda, nina kazi, na kazi yenyewe ukiisikia utacheka mpaka uangushe spana. Ofisi yetu ya Norwei hapa London iliniuliza najua kufanya nini. Nikasema mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Nimekimbia kwa sababu nilikataa kutia sahihi kile kiapo cha walimu cha kuwatii Wajerumani, tena nikagawa barua nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzangu nao wakatae. Karani akaandika "mwalimu", akafikiri kidogo, akasema: "Waingereza wanatengeneza filamu kuhusu kijiji cha Norwei kilichokaliwa na Wajerumani. Wanamtaka mtu wa kuwaambia wanapokosea." Basi ndiyo kazi yangu, kuwaambia Waingereza wanapokosea. Kazi ambayo wewe ungeifanya bure.

Theluji yao ni chumvi. Kanisa lao lina ukuta mmoja tu, ukizunguka nyuma unakuta ngazi na mtu anakula mkate. Juzi niliingia ukumbi wa chakula nikawakuta maofisa watatu wa Kijerumani wamekaa wanakula pudingi, mmoja akanivutia kiti. Sinia likaniponyoka. Kumbe ni waigizaji. Yule wa kiti kwao ni Wales, akapiga magoti kuniokotea vijiko huku akiniomba radhi. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi nikamwambia kofia yake ameivaa kama mpagazi wa hoteli. Wakaniandikia hilo kwenye daftari lao: kosa la kwanza.

Mwongozaji ni Bwana Garside, mtu mrefu, mpole, hupiga chafya kwa ile chumvi siku nzima. Ana sifa moja ambayo sijaiona kwa watu wengi: ukimwambia kitu, ananyamaza mpaka umalize.

Sasa niambie ya nyumbani. Boti zinakwenda Norwei na kurudi hapo Shetland, wewe ndiye fundi wa injini zake, lazima unasikia. Shangazi Oline yu hali gani? Aliponipakia kwenye boti hakuniaga. Ametulea tangu mama na baba wafe, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Usikohoe." Mwambie atakayekwenda huko amwambie sikukohoa.

Mdogo wako,
Borghild


Shetland, 19 Mei 1942

Borghild,

Barua imefika. Chumvi ikiingia kwenye mashine ni balaa, waambie hivyo hao watu wako, hilo nalo ni kosa.

Mimi mzima. Barua hizi zinasomwa na mtu kabla hazijatoka, kwa hiyo sitasema mengi, na wewe usiseme mengi.

Shangazi amepumzika. Ni tangu wiki ya baada ya Pasaka. Miguu ilikuwa imevimba na walikuwa wamemsumbua sana siku za mwisho. Majirani wamesimama naye vizuri. Usihuzunike kupita kiasi, ilikuwa heri kwake.

Napelekwa Skotlandi kufuatia injini mbili mpya, huenda kiangazi chote. Andika hapa hapa, watanitunzia barua.

Eivind


Karibu na London, 7 Juni 1942

Kaka yangu,

Hata kifo cha baba ulinieleza kwa maneno machache, kwa hiyo sikulaumu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama foleni ya samaki. Mama aliyekuwa nyuma yangu aliniambia, "Sogea, mpenzi," nami nikasogea, nikasogea mpaka mbele, nikanunua samaki, nikampeleka nyumbani kwa Bi Hatch mwenye nyumba, nikamweka mezani, ndipo nikalia.

Hatukumzika. Hilo ndilo linaloniuma. Mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa kijiji chetu cha Skarvøy kwa mikono yake amewekwa ardhini, na sisi wawili tuliokula kwake hatukuwapo kurusha hata konzi ya udongo.

Barua hii haipiti posta. Anaibeba baharia wa ofisi yetu anayekuja huko, ataiacha kwa mwenye zamu. Kwa hiyo naweza kukwambia nililofanya, nami naamini utalipenda.

Nilikaa siku nne bila kusema na mtu. Siku ya tano Bwana Garside akanikuta nyuma ya kanisa lake la ukuta mmoja, akanimiminia chai, akauliza, "Nani?" Nikamwambia shangazi yangu. Akanyamaza, kama nilivyokwambia anavyonyamaza. Basi Kaka, nikamweleza yote. Aliyekufa hafungwi tena, nilijiambia, na asiyesimuliwa hufa mara ya pili.

Nilimweleza kuhusu kibali cha mkunga, namna alivyoruhusiwa kuvuka kizuizi cha darajani saa yoyote. Nikamweleza kuhusu Marte Haugen, mjane wa miaka sitini na mmoja, nyumba ya mwisho kabisa kule ufukwe wa nje ambako boti zenu hutia nanga. Namna Shangazi alivyomwandika Marte kwenye daftari lake la wazazi kuwa mke wa mvuvi, mimba ya miezi tisa. Kila alipopatikana mtu wa kuvushwa, Marte akashikwa na uchungu! Askari walibadilishwa kila baada ya wiki chache, na hakuna aliyewahi kumwona Marte kwa macho. Yule mtu alilazwa kwenye mkokoteni wa theluji chini ya mablanketi kama dada wa mzazi, eti naye ameshikwa na uchungu njiani, na beseni la kuogeshea watoto juu ya tumbo. Unamkumbuka yule nahodha mwenye ndevu? Alipiga kelele za uchungu kwa sauti nzito kama ng'ombe, na Shangazi akamkaripia mbele ya bunduki: "Bado! Nimekwambia usisukume bado!" Sajenti wa kizuizini akageuza uso kwa haya. Wiki iliyofuata akamletea Shangazi soksi ndogo za mtoto, zilizofumwa na mama yake kwao Ujerumani.

Bwana Garside alicheka, kisha akafuta macho. Akaniambia: "Picha yangu ilikuwa na bunduki kumi na moja na haina moyo. Sasa ninao." Anaiandika upya. Shangazi ndiye atakuwa katikati.

Niandikie upesi.
Borghild


Karibu na London, 26 Julai 1942

Kaka Eivind,

Bado kimya. Nadhani barua zangu zimekaa kwenye sanduku fulani huko zinakungoja. Naandika hivyo hivyo.

Wamempata mwigizaji wa kuwa Shangazi. Anaitwa Constance Thripp, bibi wa miaka sitini na kitu kutoka Lancashire, maisha yake yote amechekesha watu kwenye kumbi za muziki. Siku ya kwanza nilimkataa moyoni. Ana sauti kama tarumbeta. Lakini alinijia akasema, "Mwanangu, mimi maneno nitapewa. Wewe nipe miguu yake." Kwa wiki tatu, kila asubuhi kabla ya kazi, tumetembea naye uwanjani huku nikimwonyesha mwendo wa Shangazi: namna alivyotanguliza bega la kushoto kwa ajili ya mkoba, alivyokuwa akikanyaga kwa kisigino kwanza kupima barafu, alivyosimama bila kugeuka akiitwa, akakuacha wewe ndiye uje. Jumanne iliyopita nilikuwa nimesimama na wapiga picha, akatokea kwenye ile chumvi akivuta mkokoteni, nami nikasema kwa sauti, kwa lugha yetu, "Shangazi, nisubiri." Wakasimamisha kila kitu. Ilibidi warudie.

Picha imekwisha karibu yote. Mwanzoni yataandikwa maneno haya: Kila mtakachokiona hapa kimetokea. Bwana Garside anajivunia maneno hayo kuliko picha yenyewe. Itatoka majira ya baridi hapa Uingereza, kisha nakala zipelekwe Uswidi, ili watu wetu waliokimbilia huko nao waone.

Natamani Shangazi angejiona. Angesema mashavu ya Bi Thripp ni manene mno.

Borghild


Shetland, 12 Septemba 1942

Borghild,

Barua hii umeipokea kutoka mkononi mwa Leif Vågen. Ni mwenzangu, mwamini. Isome mbele yake, kisha itie motoni mbele yake.

Nimerudi juzi kutoka Skotlandi nikazikuta barua zako mbili. Nimezisoma mara nne.

Shangazi hajafa.

Nilisema amepumzika. Nilimaanisha amepumzika! Wajerumani walimwita baada ya Pasaka wakamhoji siku tatu, wakamwachia, na wakubwa wa huku wakamtumia neno aache kazi, akae nyumbani, ainue miguu. Ndiyo niliyoandika. Nilidhani nimeandika kwa akili ili msomaji wa barua asielewe. Kumbe asiyeelewa ni wewe. Mimi ni mtu wa grisi, Borghild, kalamu si kazi yangu, na umemlilia mtu aliye hai miezi mitatu kwa sababu yangu. Nisamehe kama unaweza.

Sasa sikiliza. Amerudi kazini tangu mwanzo wa Agosti. Njia ni ile ile. Daraja lile lile, kibali kile kile, mjane yule yule. Tangu Agosti wamevushwa watu kumi na mmoja. Boti ya jana imeleta wawili, nao wanasema yuko vizuri na anatukana kama kawaida.

Uswidi Wajerumani wana ubalozi. Wanakwenda sinema kama watu wengine. Akikaa mmoja wao kwenye kiti akaona mkunga, daraja, beseni na mjane wa miaka sitini mwenye mimba, hatahitaji kuuliza jina la kijiji. Wakunga kwenye pwani ile ni wangapi?

Sehemu hiyo itoke. Na mtu asijue kwa nini. Ukimwambia bwana wako "itoe, bado inatumika," umeshasema yote, naye atamwambia mkewe, na mkewe ana dada. Nimemuuliza ofisa wangu kama ofisi za London zinaweza kuizuia. Amesema zinaweza, lakini kwa maombi yaliyoandikwa, yenye sababu, na karatasi hiyo itapita meza saba. Mwezi wa nne karatasi moja ilipita meza chache kuliko hizo na watu wa kijiji kizima kusini wakachukuliwa. Amesema kama kuna njia nyingine, ni afadhali.

Sijui njia hiyo ni ipi. Wewe ndiye mwenye akili kati yetu.

Eivind


Karibu na London, 28 Septemba 1942

Kaka,

Nilicheka kwanza. Leif ni shahidi. Nilikaa chini jikoni kwa Bi Hatch nikacheka hadi kwikwi ikanishika, naye maskini akafikiri nimepatwa na kichaa, akanipa maji. Yu hai na anatukana! Nimekusamehe. Nakuomba tu siku nikifa umwachie mtu mwingine kuandika.

Kisha nikakaa siku mbili nikifikiri. Leif anarudi na barua hii, kwa hiyo nakueleza lilivyokuwa.

Nilimkuta Bwana Garside chumba cha kukatia filamu. Bi Thripp naye alikuwapo, amekuja kujitazama. Nikasema, "Bwana, naomba sehemu ya mkunga itolewe."

"Itolewe? Wewe ndiye unasema hivyo?"

"Familia haitaki."

"Familia ni wewe na kaka yako."

"Basi kaka yangu hataki."

"Nitamwandikia mwenyewe," akasema, kwa upole kabisa. "Bi Hopen, naelewa. Ni msiba. Lakini hii ndiyo heshima kubwa atakayoipata mama yule. Bunduki kila mtu anazo kwenye filamu yake. Mimi nina mkunga, na ni wa kweli."

Hapo ndipo nilipoona mlango, Kaka, mmoja tu. Alikuwa amenionyesha mwenyewe.

Nikasema, "Si wa kweli. Nilidanganya."

Akaondoa miwani. "Ulidanganya nini?"

"Yote. Hakuna mkunga. Shangazi yangu alikuwa mfuma soksi, hajawahi kuzalisha hata paka."

"Na yule mjane?"

"Bwana, umewahi kusikia wapi mwanamke wa miaka sitini na mmoja akaandikwa mjamzito, na jeshi la Ujerumani likaamini?"

"Na soksi za sajenti?"

"Nilizitunga ulipokuwa unanimiminia chai."

"Ulilia. Nilikuona."

"Nililia kwa sababu ulikuwa unasikiliza. Mtu akisikilizwa sana huongeza chumvi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa, akaweka miwani mezani. "Unajua nimeandika nini mwanzoni mwa picha hii?"

"Najua."

"Sasa yale mengine yote uliyoniambia nitayafanyaje? Walimu waliokataa kutia sahihi. Barua ya nyumba kwa nyumba."

"Hayo ni kweli."

"Hivyo ndivyo mwongo angesema," akajibu.

Kaka, wale walimu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Mwalimu mwenzangu Torvald alipelekwa kaskazini ya mbali kubeba magunia bandarini kwenye baridi, na mimi niliyekuwa naye chumba kimoja cha walimu nilisimama pale mbele ya Bwana Garside nisiweze kumtetea, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuharibika. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

Bi Thripp alivaa koti lake bila kunitazama. Alikosea kifungo, akafungua, akaanza upya. Kisha akatoka.

Nilifukuzwa saa ile ile. Ofisi yetu imeniandikia mistari mitatu kwamba nimeliaibisha taifa mbele ya marafiki zake, na jina langu limefutwa kwenye orodha ya watu wa kupendekezwa kazini. Nimepata kazi kiwandani, nashona maparachuti. Hakuna anayeniuliza natoka wapi.

Wanapiga upya sehemu ile. Nimesikia mahali pa mkunga atawekwa mwalimu mwenye bastola.

Borghild


Shetland, 14 Februari 1943

Borghild,

Leif anakuja tena London, ndiyo maana unaipata hii.

Lipo jambo linanikaa kooni. Habari yako imefika huku. Mabaharia wana midomo kuliko wanawake wa sokoni. Wiki iliyopita mezani kijana wa mashine ya redio akasimulia kuhusu mwalimu wa kike wa Kinorwei aliyewauzia Waingereza hadithi ya bibi kizee mwenye mimba. Alisimulia vizuri, hata sauti ya mkunga aliigiza. Meza nzima ikavunjika mbavu. Mmoja akasema mwanamke kama huyo arudishwe kwa Wajerumani wakale naye hizo hadithi. Hawajui ni dada yangu, Hopen tuko wengi.

Nilicheka nao. Kama nisingecheka wangeuliza kwa nini sicheki. Nilicheka, nikamaliza supu yangu, nikaenda kwenye boti nikafungua injini ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Njia bado inapitika. Ndilo la muhimu. Nataka ujue inapitika.

Mimi mwenyewe navuka na boti wiki hii, fundi wao anaumwa. Nisipoandika, usifikiri vibaya. Na sikiliza vizuri: nikisema nimepumzika, nimelala.

Eivind


London, 21 Machi 1943

Kaka Eivind,

Ulifanya vyema kucheka. Ningekuwa mezani pale ningecheka zaidi yako. Usilibebe hilo.

Picha imetoka. Nilikwenda kuitazama Jumamosi mchana, peke yangu, na mkate wangu kwenye mfuko. Ukumbi umejaa. Yale maneno ya mwanzoni hayapo tena. Wameandika tu kwamba ni hadithi ya watu jasiri. Mwalimu ana bastola, anasimama juu ya daraja na kuhutubia kabla ya kupiga risasi, Wajerumani wanamsubiri amalize. Watu walilia. Mama mmoja kando yangu aliniazima leso akidhani nalia kwa ajili ya mwalimu.

Kisha nikatoka, na Bi Thripp alikuwa nje mlangoni, amejifunika kitambaa kichwani. Alikuwa amenifuata. Nilitaka kupita njia nyingine, akanishika mkono.

"Nimetafuta unapokaa mwezi mzima," akasema. "Bi Hatch alikataa kuniambia mpaka nikamwimbia."

"Bi Thripp, samahani kwa…"

"Nyamaza kidogo. Mimi nimedanganya jukwaani miaka arobaini na mitano, ndiyo mkate wangu. Uongo naujua mpaka ndani ya nguo zake. Mtu anaweza kutunga mjane, anaweza kutunga soksi. Mwendo ule ulionifundisha hautungwi."

Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nilitazama basi linalopita.

"Vizuri," akasema. "Usinijibu. Sasa njoo tukanywe chai, na tuzungumze habari za bei ya viazi."

Tulizungumza habari za viazi saa nzima, Kaka. Sijawahi kufurahia viazi namna ile.

Umerudi? Niandikie umerudi.

Borghild


Skarvøy, 8 Julai 1945

Kaka Eivind,

Ulisema wewe utakuwa wa mwisho kutoka Shetland kwa sababu boti haziwezi kuachwa bila fundi. Najua. Hutaki tu kumkabili Shangazi. Ana maneno yake kuhusu neno "kupumzika" na anakusubiri.

Ukimwona usishtuke. Amekonda, nywele zimekatwa, na goti la kulia halikunjiki. Aliyemchongea kwa Wajerumani si filamu wala Uswidi, ni mtu wa hapa hapa, mwenye duka la kamba za boti aliyemwona Marte akipasua kuni siku mbili baada ya "kujifungua". Ilikuwa Oktoba 1943. Shangazi alikaa kambini hadi amani. Marte hawakumkuta hai. Nimonia iliwatangulia Septemba, akafa kitandani mwake mwenyewe, na Shangazi ndiye aliyemfumba macho.

Ijumaa ilikuja gari yenye mashine ya sinema, zawadi ya Waingereza kwa vijiji vya pwani. Ukumbi wa sala ulijaa mpaka madirishani. Nikaona jina la Bwana Garside, nikataka kutoka, lakini Shangazi alikuwa amenishika kiwiko kwa ajili ya goti lake. Basi tukaitazama, mimi na yeye, bega kwa bega. Mwalimu alipoanza kuhutubia darajani, nyuma mtu mmoja akapiga kelele, "Piga risasi, bwana, chakula kinapoa!" Ukumbi mzima ukacheka. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Tulipotoka akasema, "Picha nzuri. Lakini kijiji kizima, vita vizima, hakuna mwanamke hata mmoja aliyezaa?"

Sikulala na neno hilo. Asubuhi, alipokuwa anachambua dagaa mezani, nikamweleza. Msiba wa uongo, chai nyuma ya kanisa, Bi Thripp, chumvi, chumba cha kukatia filamu, kufukuzwa. Hakuinua macho.

Nilipomaliza akasema, "Hebu nieleze hiyo sehemu iliyotupwa. Yote, tangu mwanzo."

Nikamweleza kipande kwa kipande, nikasimama nikamwonyesha Bi Thripp alivyotembea. Akanikatiza mara tatu. Mkoba ulikuwa bega la kulia, si la kushoto. Yule nahodha hakupiga kelele kama ng'ombe, alipiga kama mbuzi. Na sajenti, alipotoa zile soksi, alisema, "Mama yangu hajui vita vimefika huku." Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Alilisema akitazama dagaa.

"Huyo mama Mwingereza anaandikiwa vipi?" akauliza. "Mwambie akija nitamwonyesha mwendo mpya. Ule wa zamani wamenipokonya."

Ndipo nikasema lililonikaa moyoni, Kaka, nalo najua linakukaa wewe pia. Nikasema: "Shangazi, nilikupa mwaka mmoja tu. Mwaka na siku chache. Jina langu limekwisha, Torvald sikumtetea, na bado wakaja wakakuchukua. Wala sijui kama kuna Mjerumani yeyote angekwenda kuitazama picha ile. Sijui kama nilimwokoa mtu."

Akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole, kama anavyofanya kabla ya kumshika mtoto.

"Nimepokea watoto mia nne na kitu," akasema. "Hakuna hata mmoja ambaye mama yake aliniuliza, Oline, huyu ataishi miaka mingapi? Wanauliza kama anapumua."

Akachukua kisu, akanisogezea nusu ya dagaa.

"Mwaka ule, ng'ambo ya daraja lile, walipumua watu arobaini na wawili. Chambua."

Mdogo wako akupendaye,
Borghild